Mawese, alizeti au mise. Dagaa au maharage: ulinganisho wa mafuta na protini kwa jiko la Kigoma

Asubuhi moja ya Julai jirani yangu wa hapa Mwanga, mjini Kigoma, aliniletea chupa ya mawese aliyoinunua jana yake, akaiweka mezani na kuniuliza kama muuzaji alikuwa amemchanganyia kitu. Sehemu ya juu ya chupa ilikuwa na mafuta mekundu maangavu yanayotiririka, na sehemu ya chini ilikuwa na kitu kizito cha rangi ya chungwa, mfano wa uji ulioganda. Nilimjibu kwamba hakudanganywa, na kwamba chupa ile ilijigawa yenyewe kwa sababu za kikemia, ambazo mtu akizielewa ataelewa pia kwa nini mawese huvumilia karai la moto kuliko alizeti, kwa nini mise, yaani mafuta ya punje ya chikichi, hupendwa na wapishi wa sabuni, na kwa nini dagaa waliokaushwa vibaya hugeuka manjano na kuwa wachungu. Swali lake la pili, aliloniuliza akiwa tayari amesimama mlangoni, lilikuwa gumu zaidi: fedha ikipungua, apunguze mafuta au apunguze dagaa?

Nitaanza na swali hilo la pili, kwa kuwa jibu lake linategemea tofauti ya msingi kati ya lipidi na protini, kisha nilinganishe mafuta kwa mafuta na protini kwa protini.

Kipi kinaweza kupungua

Neno lipidi ni neno la tabia zaidi kuliko la umbo. Mafuta ya kupikia, nta ya nyuki, kolesteroli na fosfolipidi zimewekwa katika kundi moja kwa sababu zote hukataa kuyeyuka katika maji, ijapokuwa molekuli zake hazifanani sana. Protini, kinyume chake, hutambulika kwa jinsi ilivyojengwa: ni mnyororo wa asidi amino zilizofungwa moja baada ya nyingine kwa kifungo cha peptidi, na kila kifungo kinapofungwa molekuli moja ya maji hutoka. Aina za asidi amino zinazotumika kwa kawaida kujengea protini za viumbe ni 20 tu, lakini mpangilio wake hauna kikomo, kama vile herufi chache za alfabeti zinavyotosha kuandika kila neno la Kiswahili. Insulini, ambayo mpangilio wake ulifumbuliwa na Mwingereza Frederick Sanger katika miaka ya 1950 na kumpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1958, ina asidi amino 51. Hiyo ni protini ndogo. Nyingi zina mamia, na baadhi maelfu.

Tofauti inayomhusu mnunuzi moja kwa moja ni naitrojeni. Mafuta ya kupikia yana kaboni, haidrojeni na oksijeni peke yake, na wanga wa ugali vilevile. Protini ina hizo tatu pamoja na naitrojeni, takriban asilimia 16 ya uzito wake, na mara nyingi salfa pia. Kwa hiyo mwili unaweza kugeuza wanga kuwa mafuta, jambo ambalo kila aliyenenepa kwa ugali amelithibitisha, lakini hauwezi kujenga protini kwa wanga na mafuta peke yake, kwa kuwa naitrojeni haimo. Isitoshe, kati ya zile asidi amino 20 ziko 9 ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza hata ukipewa naitrojeni ya kutosha. Lazima ziliwe zikiwa zimekamilika.

Kuna jambo la ghala pia. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 na gramu moja ya protini hutoa 4, na mafuta yasiyotumika leo huwekwa chini ya ngozi yakisubiri siku ya njaa. Protini haina ghala la namna hiyo. Ile iliyozidi huvuliwa naitrojeni yake, ambayo hutoka katika mkojo kwa umbo la urea, na mabaki huchomwa kama kuni nyingine yoyote. Ile iliyopungua hufidiwa kwa kubomoa misuli.

Jibu la haraka, basi, ni kwamba fedha ikipungua mafuta ndiyo yatangulie kupunguzwa, si dagaa. Yapunguzwe, lakini yasifutwe, kwa sababu asidi mbili za mafuta, yaani ya linoleiki na ya alfa-linoleniki, nazo mwili hauwezi kuzitengeneza, na vitamini A, D, E na K hufyonzwa vizuri zikisindikizwa na mafuta. Zaidi ya hayo kila seli imezungukwa na utando wa lipidi uliopangwa katika tabaka mbili, kama Gorter na Grendel wa Uholanzi walivyoonesha mwaka 1925 kwa kutumia seli nyekundu za damu, na ndani ya utando huo protini zimechomekwa kama milango. Mwili hauna seli hata moja iliyojengwa kwa kimoja tu kati ya viwili hivyo.

Yaliyomo ndani ya chupa

Molekuli ya mafuta ya kupikia huitwa trigliseridi: ni gliseroli moja iliyobeba asidi za mafuta tatu, mfano wa mpini mfupi wa reki yenye meno matatu marefu. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1823, alieleza kwamba mafuta yakichemshwa na alkali huachana na gliseroli yake na asidi za mafuta hugeuka sabuni. Kazi hiyohiyo hufanywa na akina mama wa Kigoma wanaopika sabuni ya gwanji, na hawakumsubiri Mfaransa kuwaeleza.

Tofauti karibu yote kati ya mafuta ya aina moja na mengine imo katika yale meno matatu, na inatokana na mambo mawili: urefu wa mnyororo wa kaboni, na idadi ya vifungo maradufu vilivyomo, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa mishiko miwili badala ya mmoja. Mnyororo usio na kifungo maradufu umenyooka, na minyororo iliyonyooka hujipanga kwa kubanana kama kuni zilizochongwa vizuri. Kila kifungo maradufu hupinda mnyororo, na kuni zilizopinda hazibanani hata uzipange vipi. Asidi ya palmitiki, yenye kaboni 16 na isiyo na kifungo maradufu, huyeyuka kwenye nyuzi joto 63 hivi. Asidi ya oleiki, yenye kaboni 18 na kifungo maradufu kimoja, huyeyuka kwenye nyuzi 13. Asidi ya linoleiki, yenye kaboni 18 na vifungo maradufu viwili, hubaki majimaji mpaka nyuzi 5 chini ya sifuri. Kupinda mara mbili kumetosha kushusha kiwango hicho kwa nyuzi karibu 70.

Mawese yamegawanyika karibu nusu kwa nusu. Asidi ya palmitiki ni takriban asilimia 44, ya oleiki karibu asilimia 40, ya linoleiki karibu asilimia 10, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni ya steariki, ambayo nayo imenyooka. Usiku wa kiangazi hapa ziwani joto linaposhuka, trigliseridi zilizobeba palmitiki nyingi huganda na kuzama, na zilizobeba oleiki nyingi hubaki juu zikitiririka. Hicho ndicho jirani yangu alichokiona. Viwanda hufanya utengano huo kwa makusudi na kuuza ile sehemu ya majimaji peke yake kama mafuta ya kupikia. Nyumbani inatosha kuisimamisha chupa ndani ya maji ya uvuguvugu na kuitikisa kabla ya kupima, kwani anayemimina ya juu wiki nzima atapika kwa mafuta tofauti na yale atakayoyapika wiki ya mwisho.

Mafuta ya alizeti, yanayotufikia zaidi kutoka mikoa ya Singida na Dodoma, yamejaa asidi ya linoleiki, ambayo mara nyingi hufika asilimia 60 hivi, na asidi zilizonyooka ni asilimia 11 au 12 tu. Mafuta ya mise yako upande mwingine kabisa. Zaidi ya asilimia 80 ya asidi zake zimenyooka, na karibu nusu yake yote ni asidi moja, ya lauriki, yenye kaboni 12. Inashangaza kwamba mawese na mise hutoka katika chikichi moja, mawese kwenye nyama ya nje na mise kwenye punje iliyo ndani ya kokwa, na bado kikemia yanaachana kuliko mawese yanavyoachana na mafuta mengi ya miti mingine.

Wanakemia hupima wingi wa vifungo maradufu kwa namba ya iodini, yaani gramu za iodini zinazonaswa na gramu 100 za mafuta. Mise hupata kati ya 14 na 21, mawese kati ya 50 na 55, alizeti kati ya 118 na 141 hivi. Kama mtu angetaka kukumbuka tarakimu chache tu za makala haya, ningempendekezea hizi, kwa sababu zinatabiri mambo mawili yanayovutana. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mafuta yanavyofaa zaidi kwa moyo, na ndivyo yanavyoharibika upesi zaidi.

Tuchukue kwanza kuharibika. Haidrojeni iliyo katikati ya vifungo maradufu viwili imeshikwa kwa ulegevu kuliko nyingine zote katika mnyororo. Joto au mwanga ukiing'oa, oksijeni ya hewani hujipachika mahali pake, na molekuli iliyojeruhiwa hivyo humng'oa jirani yake haidrojeni, na huyo humng'oa wa tatu, mpaka chupa nzima inashika harufu kali tunayoijua ya mafuta yaliyochacha. Mawese yana nafasi chache za namna hiyo, alizeti ina nyingi. Kwa sababu hiyo mama lishe anayekaanga migebuka kila siku na kuyarudisha mafuta karaini atapata taabu kidogo zaidi akitumia mawese, au ile sehemu ya majimaji ya mawese, kuliko alizeti ya kawaida. Na hata mawese hayatakiwi kurudiwa mpaka yawe meusi na kutoa povu, kwa kuwa yanachelewa tu kuharibika, hayajakingwa.

Upande wa moyo mizani inageuka. Asidi ya palmitiki hupandisha kolesteroli ya LDL katika damu, ile inayohusishwa na maradhi ya moyo, na mtu anayepunguza mafuta yaliyonyooka na kuweka mahali pake yenye linoleiki huishusha. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba mafuta ya aina ile ya kwanza yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 22, ambazo zimo katika takriban vijiko vikubwa vitatu vya mawese, akiwa hakula kingine chochote chenye mafuta hayo. Mtu mzima mwenye shinikizo la damu au mwenye historia ya maradhi ya moyo katika ukoo wake ana sababu ya kuchagua alizeti kwa mapishi ya kila siku. Asidanganywe, hata hivyo, na maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye kibandiko, kwa sababu kolesteroli ni lipidi ya wanyama, na mafuta ya mmea wowote, mawese yakiwemo, hayana kiasi chake cha kuzungumziwa.

Kuna kitu kimoja ambacho mawese mekundu yanacho na alizeti haina. Wekundu wake ni karotini, miligramu 500 hadi 700 kwa kila kilo, na mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo upungufu wake huharibu macho ya watoto. Wapo wapishi wanaoyachoma mawese karaini mpaka yapauke, kwa kuwa hawapendi rangi wala harufu yake. Wanachokichoma ni hicho hasa kilichoyafanya yawe na thamani. Kijiko kimoja cha mawese yasiyochomwa kikitiwa ndani ya kisamvu au matembele mwishoni mwa kupika hutoa karotini yake, na pia huisaidia karotini ya majani kufyonzwa.

Kwa hiyo mimi binafsi sioni sababu ya kuchagua chupa moja. Nyumba isiyokaanga sana inafaa kuwa na chupa kubwa ya alizeti, ikihifadhiwa kabatini mbali na dirisha, na chupa ndogo ya mawese mekundu kwa ajili ya majani. Nyumba au mgahawa unaokaanga kila siku ugeuze ukubwa wa chupa hizo.

Mise nitaipitia haraka, kwani mezani sioni kazi inayoifanya vizuri kuliko hizo mbili. Kazi yake ni sabuni. Kwa kuwa minyororo yake ni mifupi, kilo moja ya mise ina molekuli nyingi kuliko kilo moja ya mawese, na hivyo hutaka alkali zaidi: gramu moja ya mise humeza miligramu 230 hadi 254 za haidroksidi ya potasiamu, na gramu moja ya mawese humeza 190 hadi 209. Anayebadilisha mafuta bila kubadilisha kipimo cha alkali atapata sabuni yenye mafuta yaliyobaki mabichi, au, akitoka mise kwenda mawese, sabuni inayochoma ngozi. Mise hutoa povu jingi hata katika maji magumu, mawese hutoa kipande kigumu kinachochelewa kwisha, na wenye uzoefu huyachanganya.

Dagaa na maharage mizanini

Protini haikai kama uzi ulionyooka. Mnyororo wake hujikunja kwa namna maalumu, na kinachousukuma kujikunja, kwa sehemu kubwa, ni ileile tabia ya mafuta ya kuyakimbia maji: asidi amino zenye upande wa kimafuta hujificha ndani, na zinazopatana na maji hubaki nje. Mkunjo huo ndio unaoipa protini kazi yake, iwe ni kimeng'enya, misuli, au hemoglobini ya kubebea oksijeni. Moto huukunjua. Ute wa yai huanza kuwa mweupe na kushikana karibu na nyuzi 60, lakini vifungo vya peptidi havijakatika, ila mnyororo umefunguka na vimeng'enya vya tumbo vinaupata kwa urahisi zaidi. Wanaosema kwamba kuchemsha samaki huua protini wanachanganya mkunjo na mnyororo.

Maharage ndiyo yanayoonesha faida ya kukunjua kwa uwazi zaidi. Maharage mabichi yana protini iitwayo lektini, ambayo hushikamana na kuta za utumbo na kusababisha kutapika na kuhara, na pia yana protini nyingine inayozuia kimeng'enya cha tripsini kufanya kazi ya kuvunja chakula. Mchemko wa kweli wa dakika 10 huiharibu lektini hiyo, na ni salama zaidi kuuendeleza kwa dakika 30 na zaidi, jambo ambalo mpishi wetu hulifanya bila kuambiwa kwa kuwa maharage ya Kasulu hayaivi chini ya muda huo. Hatari ipo katika chungu cha moto hafifu kisichofikia kuchemka.

Kwa kilo, maharage makavu yana protini ya asilimia 22 hivi, na dagaa wakavu huwa na asilimia 55 hadi 60. Hata hivyo uzito unadanganya usipohesabu maji. Samaki mbichi ni maji kwa takriban robo tatu, hivyo kilo ya dagaa wakavu imetokana na kilo tatu au nne za dagaa walioshushwa mwaloni Kibirizi asubuhi, na bei yake haiwezi kulinganishwa na bei ya kilo ya migebuka mibichi mpaka mtu agawanye. Maharage nayo yakiiva hunywa maji, na bakuli la maharage yaliyopikwa lina protini ya asilimia 8 au 9 tu.

Mtu mzima anahitaji gramu 0.83 za protini nzuri kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, hivyo mwenye kilo 60 anahitaji gramu 50. Kwa kuwa mwili humeng'enya takriban asilimia 94 ya protini ya samaki na asilimia 78 ya protini ya maharage, gramu hizo zimo katika dagaa wakavu gramu 95 hivi, au maharage makavu gramu 290 hivi. Mnunuzi akizidisha kwa bei ya siku hiyo sokoni atajua ni kipi kinampa protini kwa shilingi chache, na mara nyingi atakuta ni maharage.

Hesabu ingeishia hapo kama protini zote zingekuwa sawa. Chukua herufi za chuma za mchapaji. Ukitaka kuchapa neno "Kigoma" mara mia, nawe una k, i, g, o na a mia mia, lakini m ni 60 tu, utachapa Kigoma mara 60 na herufi zilizobaki zitakuwa chuma chakavu. Mwili unapojenga protini uko katika hali hiyo: asidi amino iliyo haba kuliko mahitaji ndiyo inayoweka kikomo, na zilizozidi huchomwa. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani. Maharage yana lisini kwa wingi, ila methionini, yenye salfa, ni haba kwake. Dagaa wana zote tisa kwa kiasi kinachotosha. Hivyo makande si chakula cha kubahatisha: mahindi huyakopesha maharage methionini, maharage huyakopesha mahindi lisini, na si lazima yakutane katika chungu kimoja mradi yameliwa siku moja.

Muhogo unabadilisha jibu

Hapa ndipo Kigoma inapoachana na Tabora, na ni jambo ambalo ushauri wa jumla wa lishe huliruka. Familia ya Tabora inayokula ugali wa mahindi imekwisha pata nusu ya ndoa hiyo. Maharage yakiingia, kilichopungua kimeletwa, na dagaa kwao ni nyongeza nzuri. Familia ya Kigoma inayokula ugali wa muhogo haina mahindi ya kuyakopesha maharage chochote, kwa kuwa unga wa muhogo una protini ya asilimia 1 au 2 tu. Methionini inayokosekana kwenye maharage inabaki imekosekana.

Na muhogo hauishii kutokutoa. Unaweza pia kuchukua. Mihogo michungu ina linamarini, ambayo seli za muhogo zinapopondwa au kulowekwa huvunjwa na kimeng'enya cha mmea wenyewe na kuachia sianidi. Kuloweka kwa siku kadhaa, kumenya, kusaga na kukausha juani, kama wanavyofanya wazee wetu, huondoa sehemu kubwa. Sianidi kidogo inayobaki mwili huigeuza kuwa thaiosayaneti isiyo na makali sana, na salfa ya kufanyia kazi hiyo huitoa katika methionini na sisteini, yaani zilezile ambazo maharage yanazo kwa uchache. Pale muhogo mchungu ulipoharakishwa na kitoweo chenye salfa kikakosekana, ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, umetokea. Mkoani Mara ulishuhudiwa katika miaka ya 1980.

Kwa mlaji wa muhogo, basi, dagaa hawapimwi kwa gramu za protini peke yake. Wanaleta salfa. Ningemshauri mnunuzi wa Kigoma asichague kati ya dagaa na maharage bali achague uwiano: kwa mtu mmoja kwa siku, maharage makavu gramu 100 na dagaa wakavu gramu 60 hukaribia zile gramu 50 zinazomeng'enyeka, na kikomo cha methionini kinaondoka. Akipungukiwa sana apunguze dagaa mpaka gramu 30 na aongeze maharage, lakini asiwafute. Karanga za Tabora, akizipata, zinasaidia nishati kuliko zinavyosaidia upungufu huu, kwa kuwa karibu nusu ya karanga ni mafuta na methionini yake nayo si nyingi.

Dagaa ni lipidi pia

Dagaa wetu, ambao kwa sehemu kubwa ni wa jamii mbili za ziwa hili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, wana ndani yao mafuta yenye minyororo mirefu kuliko ya mmea wowote uliotajwa hapo juu. Mmojawapo, asidi iitwayo DHA, una kaboni 22 na vifungo maradufu 6, na ubongo na macho ya mtoto huutumia kujengea tando za seli zake. Kwa kanuni ileile iliyoeleza alizeti, mafuta ya namna hii ndiyo ya kwanza kuharibika hewani, na dagaa huanikwa juani kwenye hewa siku nzima.

Dagaa wakikauka upesi kwenye kichanja, kwa siku moja ya jua kali, hasara ni ndogo. Wakianikwa mchangani wakati wa masika na kugeuzwa siku tatu, mafuta yao huoksidika, na vipande vinavyotokana na uharibifu huo, aldehaidi, hushikana na lisini ya protini iliyo jirani na kuleta rangi ya manjano na kahawia. Lisini iliyoshikwa hivyo haimeng'enyeki vizuri tena, yaani lipidi iliyoharibika imekwisha haribu na protini. Migebuka inayokaushwa kwa moshi huchelewa kufikia hali hiyo, kwa kuwa moshi una fenoli zinazokatiza ule mfululizo wa kung'oana haidrojeni.

Sokoni, kwa hiyo, chagua dagaa wenye rangi ya fedha, wanaovunjika kwa mlio mkavu, wasioacha mafuta ya manjano vidoleni, na uwanuse kabla ya kuuliza bei. Maharage, yenye mafuta ya asilimia 1 au 2 tu, yanaweza kununuliwa kwa gunia baada ya mavuno na kukaa mwaka, yakikingwa na wadudu, ingawa ya zamani huchelewa kuiva. Mawese yanunuliwe ya kutosha mwezi mmoja au miwili, alizeti ya kutosha mwezi mmoja ikishafunguliwa, na dagaa wa kutosha wiki mbili au tatu, wakiwekwa kwenye chombo kilichofunikwa na kisichopitisha mwanga, mbali na jiko.